Dhima ya Anayetazama: Kamera Kando ya Mbio za Baiskeli

Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamejadili kwa karne nyingi iwapo kutazama ni tendo lenye dhima yake, au ni hali tu ya kupokea kinachotendwa na wengine, lakini mifano waliyoipendelea ni ile inayomweka mtazamaji mbali na kinachotazamwa, kama mtu anayezikodolea nyota macho au aliyeketi ukumbini mbele ya jukwaa. Mifano ya namna hiyo hurahisisha jibu, kwa sababu nyota haziumizwi na jicho. Mbio za baiskeli za barabarani hulirudisha swali mahali pagumu, kwa kuwa ni miongoni mwa michezo michache mikubwa ambamo mtazamaji husimama ndani ya uwanja wenyewe, bila ukuta, bila tiketi, na kwa sehemu kubwa ya safari bila hata kamba inayomtenga na wanaoshindana. Anayesimama hapo na kamera hawezi kudai kwamba yuko nje ya tukio. Na hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba jicho lake, kwa kuwa lina mwili unaolibeba na mwili huo unachukua nafasi barabarani, lina deni ambalo uzuri wa picha peke yake hauwezi kulilipa.

Tour de France, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto chini ya mhariri wake Henri Desgrange, hupita katika zaidi ya kilomita 3,000 za barabara za kawaida kwa muda wa wiki tatu, na vizuizi vya chuma huwekwa tu karibu na mwisho wa kila hatua, yaani sehemu ya safari inayokimbiwa kwa siku moja, na katika baadhi ya miinuko yenye umati mkubwa. Katika mita za mwisho za hatua ya tambarare waendeshaji hufikia kasi ya kilomita 70 hivi kwa saa, ambayo ni zaidi ya mita 19 kwa sekunde moja, wakiwa juu ya matairi membamba, bega kwa bega, wamevaa nguo nyepesi zisizokinga chochote, na mara nyingi wameinamisha vichwa ili kupunguza ukinzani wa upepo. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuikagua kila mita ya njia iliyo mbele yake. Analazimika kuamini kwamba njia iko wazi, na imani hiyo si ya jumla tu, bali ni amana kwa maana kamili ya neno, yaani kitu ambacho mwenyewe amekiweka mikononi mwa watu wengine wakati ambapo yeye hana uwezo wa kukilinda.

Mafunzo ya Kiislamu yana andiko ambalo linaingia katika jambo hili kwa undani wa kushangaza. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaonya masahaba wake dhidi ya kukaa kando ya njia, nao walipoeleza kwamba hawana budi kukaa hapo kwa mazungumzo yao, aliwaruhusu kwa sharti la kuipa njia haki yake, na alipoulizwa haki hiyo ni ipi, alitaja kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wafasiri kwa kawaida huelekeza kuinamisha macho kwenye staha baina ya wanaume na wanawake, na hapana sababu ya kuwapinga. Linalostahili kuangaliwa hapa ni kwamba jicho na maudhi vimewekwa katika orodha moja, na kwamba mwenye kukaa kando ya njia anahesabiwa kuwa na wajibu kwa mpita njia hata kama yeye mwenyewe hajasogea. Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja, waliozoea baraza za nje ya nyumba ambako wakaaji na wapitao hukutana kila jioni, hawahitaji maelezo marefu kuelewa kwamba kukaa kando ya njia ni namna ya kuitumia njia.

Tukio linaloonyesha uzito wa wajibu huo lilitokea Armentières, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 3 Julai 1994, mwishoni mwa hatua ya kwanza ya Tour de France ya mwaka huo. Askari polisi aliyewekwa mbele ya vizuizi ili kulinda njia aliinua kamera apige picha ya waendeshaji waliokuwa wakishindania ushindi kwa kasi yao ya juu kabisa, na mwili wake ukaingia katika mstari wa Wilfried Nelissen, Mbelgiji aliyekuwa akiendesha kichwa chini. Nelissen alimgonga, na Laurent Jalabert wa Ufaransa akaanguka katika mgongano uleule na kuumia vibaya usoni, mpaka mifupa na meno vikavunjika. Wote wawili walitoka katika mashindano, na askari naye aliangushwa chini na kuumia.

Ni rahisi kusema kwamba mtu yule alikuwa mzembe, lakini neno uzembe halifafanui kilichotokea, na ufafanuzi sahihi unaanzia kwenye lenzi. Lenzi ya pembe pana, yaani ile inayokusanya eneo kubwa katika fremu moja, huvifanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo, kiasi kwamba mwendeshaji anaonekana mdogo hadi lahadha ile anapoijaza fremu ghafla, na hapo mkono wa mpiga picha hauna tena muda wa kufanya lolote. Anayetazama kupitia kitundu cha kamera, zaidi ya hayo, hufumba jicho moja, na kwa kulifumba hupoteza uwezo wa kupima umbali ambao mwanadamu huupata kwa macho mawili yakishirikiana, huku ukingo wa fremu ukimkatia kila kinachokuja kutoka pembeni. Kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa, mita 30 huisha katika muda wa sekunde moja na nusu. Kamera, kwa hiyo, humwongezea mtu uwezo wa kuona kitu kimoja kwa kumnyang'anya uwezo wa kujua alipo, na huo ndio ujuzi hasa ambao mwendeshaji alikuwa ameuwekea amana.

Hapa linaibuka tatizo ambalo Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili mwaka 1976 kwa jina la bahati ya kimaadili, yaani hali ambapo watu wawili wametenda jambo lilelile kwa nia ileile, lakini mmoja analaumiwa zaidi kwa sababu tu matokeo yake yalikuwa mabaya. Katika kila hatua ya mbio hizi watu wengi huinama barabarani na kamera zao, nao hurudi nyumbani na picha bila kumgusa yeyote. Je, yule askari alikuwa mwovu kuliko wao? Fiqhi ya Kiislamu ina njia ya kulijibu swali hili ambayo falsafa ya Magharibi ingefaidika nayo, kwa sababu inatenganisha dhambi na dhamana. Anayeua kwa makosa, bila kukusudia, hahesabiwi kuwa na dhambi ya muuaji, lakini analazimika kutoa diya kwa jamaa wa marehemu na kutekeleza kafara, kwa kuwa uhai uliopotea una thamani yake hata pale nia ilipokuwa safi. Kwa kipimo hicho, askari wa Armentières alibeba dhamana ambayo wengine hawakuibeba, lakini kosa lenyewe, lile la kuichukua nafasi isiyokuwa yake na kuuweka rehani mwili wa mtu mwingine bila ridhaa yake, lilikuwa la wote walioinama siku ile. Hukumu hii ni kali, na hapana budi iwe kali, kwa sababu vinginevyo mtu mmoja hufanywa mbuzi wa kafara huku umati ukiendelea na desturi yake.

Na umati uliendelea. Mwezi Julai 1999, Giuseppe Guerini wa Italia alikuwa akiongoza peke yake karibu na kilele cha Alpe d'Huez alipogongana na shabiki aliyesimama katikati ya njia kumpiga picha. Aliinuka, akapanda tena baiskeli yake na kushinda hatua hiyo. Tarehe 19 Julai 2018, katika mlima huohuo, Vincenzo Nibali, mshindi wa Tour ya 2014, aliangushwa na kitu ambacho picha za televisheni zilionyesha kuwa ni mkanda wa kamera ya mtazamaji ulionasa katika usukani wake, akafika mwisho akiwa na pingili ya uti wa mgongo iliyovunjika, na hakuendelea tena na mashindano. Tarehe 26 Juni 2021, katika njia ya kuelekea Landerneau, mtazamaji aliyekuwa akiinyooshea kamera ya televisheni bango lenye salamu kwa babu na bibi yake aliwapa mgongo waendeshaji wenyewe, na Tony Martin wa Ujerumani alipoligonga bango hilo sehemu kubwa ya kundi ilianguka juu yake. Tukio la mwisho lina tofauti inayohitaji kuzingatiwa, kwa sababu mtazamaji hakutaka tena kuona bali alitaka kuonekana, na mbio zenyewe zilikuwa zimegeuka kuwa pazia la nyuma.

Swali hili limeshaingia pia katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya kila siku ya wengi. Tour du Rwanda imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 1988, na mwezi Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yakiwa ya kwanza kufanyika barani Afrika. Katika vilima vya Rwanda barabara ni ua wa mbele wa nyumba za watu, mahali pa soko, pa shule na pa kuchota maji, na anayesimama na simu yake mkononi kwenye ukingo wa lami alikuwepo hapo kabla ya mbio na atakuwepo baada yake. Kwake yeye mbio ndizo mgeni. Haki ya njia, basi, haidaiwi upande mmoja, na waandaaji wanaoifunga barabara kwa saa nyingi nao wana deni kwa wakaaji: deni la kuwaeleza mapema, kuwawekea mahali salama pa kusimama, na kutowachukulia kama vizuizi vinavyopumua. Lakini deni hilo halifuti lile la kwanza, kwa kuwa mwili unaopita kwa mita 19 kwa sekunde hauwezi kusubiri mjadala wa nani alitangulia.

Wapiga picha wa taaluma wako katika hali nyingine kidogo, na haki inataka wapimwe kwa kipimo chao. Wengi wao hufuata mbio wakiwa wamepakizwa nyuma ya pikipiki, mara nyingine wakigeuka kinyume na mwendo ili wawakabili waendeshaji, na wanapoteremka milima hutegemea ustadi wa dereva kama mwendeshaji anavyotegemea breki zake. Hatari wanayojitwisha ni ya kweli. Mwezi Julai 1957 mtangazaji wa redio Alex Virot na dereva wake René Wagner walikufa pikipiki yao ilipotumbukia bondeni katika milima ya Pirenei wakati wa Tour. Mtu mzima anayejua hatari na kuikubali kwa ajili ya kazi anayoiona kuwa na maana hawezi kukatazwa kirahisi, ingawa dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki zinaukataa mtazamo kwamba mwili ni mali ya mtu kufanyia atakalo. Ridhaa, hata hivyo, haihamishiki. Mpiga picha anaweza kuukubali mfupa wake mwenyewe kuvunjika, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mwendeshaji, na msafara wa pikipiki unaoruhusiwa kuwazunguka waendeshaji ni hatari ambayo wao hawakuulizwa. Antoine Demoitié, Mbelgiji mwenye umri wa miaka 25, alifariki mwezi Machi 2016 baada ya kuanguka na kugongwa na pikipiki iliyokuwa katika msafara wa mbio za Gent–Wevelgem.

Miezi michache baadaye, tarehe 14 Julai 2016, Mont Ventoux ilitoa mfano ambao mwanafalsafa angeuhitaji hata kama usingetokea. Upepo mkali uliwalazimisha waandaaji kuusogeza mwisho wa hatua chini, hadi Chalet Reynard, na umati uliokusudia kutawanyika mlimani kote ukabanana katika kipande kifupi cha barabara. Pikipiki ya kamera ya televisheni ilizibwa na watu hao na kusimama, Richie Porte akaigonga, na Chris Froome na Bauke Mollema wakaanguka pamoja naye. Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio za baiskeli chini ya David Kinjah, alionekana akipanda mlima kwa miguu, jezi ya njano mwilini, bila baiskeli, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Chombo kilichotumwa kuonyesha tukio kilikuwa kimelizaa tukio, kisha kikalirekodi. Baada ya siku ile, dai la kwamba kamera inapokea tu kile kilichopo lilikosa mahali pa kusimamia.

Anayetetea hatari hizi kwa kawaida husema kwamba ukweli wa mbio hauwezi kupatikana kwa mbali, kwa hiyo inafaa kuuchunguza ukweli huo ni wa namna gani. Shata ya kamera, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga, ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, mwendeshaji wa kilomita 60 kwa saa atakuwa amesogea pungufu ya sentimita 2, na picha itamwonyesha akiwa amesimama kimya, spoku za gurudumu zikihesabika kama za baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Ikifunguka kwa sehemu moja ya thelathini, atakuwa amesogea zaidi ya nusu mita, na mpiga picha atalazimika kuizungusha kamera pamoja naye ili uso ubaki wazi huku barabara na watu wa nyuma wakiwa michirizi. Ipi kati ya picha hizo mbili ni ya kweli? Zeno wa Elea alishikilia kwamba mshale unaoruka, katika kila nukta ya wakati, umetulia mahali pake, na kwa hiyo mwendo ni dhana tupu. Aristotle akamjibu kwamba wakati haukujengwa kwa nukta. Wanazuoni wa Kiash'ari, ambao itikadi yao ilienea miongoni mwa Mashafii wa Pwani, walikwenda njia ya tatu, wakafundisha kwamba sifa za viumbe hazidumu lahadha mbili, bali Mwenyezi Mungu huziumba upya kila lahadha, na hivyo mwendo wenyewe ni mfululizo wa maumbo mapya. Picha ya shata ya haraka inampendeza Zeno. Ile ya shata ya polepole inasema jambo ambalo Zeno hakuliona, kwamba mwendo hujulikana kwa kuandamana nao, na anayeizungusha kamera vizuri ni yule aliyeikubali kasi ya mwenzake iwe kasi ya mwili wake kwa muda. Kazi hiyo huhitaji nafasi ya kuzungukia. Anayesimama mita chache nyuma ya ukingo ataifanya vizuri kuliko aliyejibanza njiani.

Picha sahihi kuliko zote katika mchezo huu, ile inayoamua mshindi, hupigwa kutoka mahali ambapo hapana mwendeshaji anayeweza kupagonga. Kamera ya mstari wa mwisho hutazama kupitia ufa mwembamba, haioni chochote ila mstari wenyewe, na huuandika mstari huo lahadha baada ya lahadha, kiasi kwamba upana wa picha yake ni wakati wala si mahali. Mwaka 2017, kule Nuits-Saint-Georges, kamera ya aina hiyo ilimtenga Marcel Kittel na Edvald Boasson Hagen kwa milimita 6. Ikiwa usahihi wa kiwango hicho hauhitaji kuingia njiani, basi kinachotafutwa na anayeingia njiani si ukweli bali ni msisimko, na msisimko, ingawa si jambo la kudharauliwa, hauna haki ya kudai uti wa mgongo wa mtu mwingine. Robert Capa, ambaye hakuna anayeweza kumwita mwoga, kwa kuwa alipiga picha vitani hadi alipouawa na bomu la ardhini huko Indochina mwaka 1954, alipoifuata Tour ya 1939 aliigeuza kamera kuelekea kwa watazamaji waliokuwa mbele ya duka la baiskeli la Pierre Cloarec, mmoja wa washindani, katika mji mdogo wa Pleyben, na nyuso zao zilizokuwa zikigeuka pamoja na mbio zinaeleza kasi bila gurudumu kuhitajika katika fremu.

Linabaki suala zito kuliko yote, ambalo ni picha ya aliyekwisha kuanguka. Tarehe 18 Julai 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa 1992, alianguka katika mteremko wa Portet d'Aspet na kufariki akiwa na umri wa miaka 24, na picha zake akiwa amelala barabarani katika damu zilichapishwa. Msomaji wa Injili atakumbuka njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ambako kuhani na Mlawi walimwona majeruhi wakapita kando. Kisa hicho kinauhesabia wajibu tangu pale jicho lilipoona, si tangu mkono ulipogusa. Haitakuwa haki kumfananisha kila mpiga picha na kuhani yule, kwa kuwa madaktari wa mbio huwa karibu na mikono isiyo na ujuzi ingeweza kuongeza madhara. Kinachoulizwa ni kama alizuia njia ya wanaosaidia, na kama alimhifadhia majeruhi sitara yake. Fiqhi inaiheshimu maiti kama inavyomheshimu aliye hai, na sitara ni haki ya maiti hata kama hana sauti ya kuidai.

Mara nyingi hutolewa utetezi kwamba picha kama hizo huwaokoa walio hai kwa kuwashtua. Utetezi huu unastahili kupimwa kwa tarehe. Casartelli hakuwa amevaa helmeti, na dunia iliona wazi kilichompata, lakini helmeti hazikulazimishwa katika mbio za kulipwa hadi mwaka 2003, baada ya kifo cha mwendeshaji mwingine, Andrei Kivilev wa Kazakhstan. Miaka 8 ilipita, picha zikiwa mikononi mwa kila mwenye mamlaka ya kutunga kanuni. Siku iliyofuata kifo cha Casartelli, waendeshaji waliikamilisha hatua ya kwenda Pau bila kushindana na kuwaachia wenzake wa timu ya Motorola wavuke mstari pamoja mbele ya wote. Mpiga picha aliyekuwepo Pau alikuwa na ushahidi kamili wa msiba huo, na hakumvunjia mtu heshima. Kwa upande wa picha za mteremkoni, dhima iliyo nzito zaidi si ya yule aliyebonyeza kamera, ambaye alikuwa na sekunde chache, moyo ukimdunda, na mkono uliozoea kutenda kabla ya akili. Ni ya mhariri aliyeketi mezani jioni ile, mbali na barabara, akiwa na picha nyingine za kuchagua, na saa kadhaa za kufikiri kuhusu mke na mtoto mchanga wa marehemu.